Mashine ya Dhahabu na Udongo Wetu Mwekundu

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mfanyakazi wetu wa huduma za jamii mbele ya viongozi wa vikundi vya vijana na vya akina mama. Tumeyachapa kwa sababu wengi waliohudhuria waliomba nakala.)

Niliombwa niongee juu ya vikundi na matumizi ya akiba. Hilo ni jambo kubwa, na nusu saa haitoshi. Kwa hivyo nitaongea juu ya kitu kimoja tu: ile mashine ya kutafutia dhahabu, ambayo vijana wanaiita detekta. Vikundi vitatu vimeniuliza swali moja: tununue ama tusinunue?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita kikundi kimoja cha vijana kilinijia na fomu ya kutoa pesa benki. Walitaka kununua detekta waende nayo kaskazini. Sahihi yangu ilihitajika. Nikawauliza kama wote wamekubaliana, wakasema ndiyo, nikatia sahihi. Sikuuliza hiyo mashine inafanyaje kazi. Mimi nilisomea mambo ya jamii, nikajiambia mambo ya mawe si yangu. Baada ya miezi minne walirudi na gunia la misumari, vifuniko vya soda na deni la nauli. Akiba ya miaka miwili ilikuwa imekwisha. Kikundi kikavunjika. Kuna mama mjane aliyekuwa na fungu lake humo. Tukikutana sokoni hunisalimia vizuri sana, na mimi ndiye ninayeangalia chini.

Basi safari hii nilipoulizwa, sikutaka kujibu kabla ya kujua. Nimesoma, nimeuliza mafundi, na tumejaribu mashine yenyewe kwenye udongo wetu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Jambo la kwanza: mashine inasikia nini?

Detekta haijui dhahabu. Hilo mlishike kwanza. Chini ina sahani ya mviringo yenye waya uliozungushwa mara nyingi ndani yake. Umeme wa betri ukipita kwenye huo waya, unatoa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Nguvu hiyo ikikutana na kitu cha metali, umeme mdogo unazunguka ndani ya hicho kitu, nacho kinarudisha nguvu yake ndogo. Sahani inaisikia, na mashine inalia. Ni kama mtoto anayepiga kelele bondeni halafu anasikiliza mwangwi.

Sasa, ni nani anayejibu? Dhahabu inajibu. Msumari unajibu. Kifuniko cha soda, risasi, sarafu, kipande cha mabati, vyote vinajibu. Na kuna mwingine anayejibu ambaye muuzaji hamtaji, naye ni udongo wenyewe.

Udongo wetu wa miteremko ya Mlima Kenya na Nyambene ulitoka kwenye miamba ya volkano. Wekundu wake ni chuma kilichooza, yaani kutu. Ndani yake kuna pia punje nyeusi za madini ya chuma yanayovutwa na sumaku. Chukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa, ifunge kwa karatasi ya plastiki, uiburute kwenye mfereji wa barabara baada ya mvua. Itaota ndevu nyeusi. Nenda kando ya mto Thuci penye mchanga mweusi uifanye tena. Ukishaona hizo ndevu, umeshaona adui wa detekta. Mashine ikipita juu ya udongo wa namna hiyo, kila mahali kuna kitu kinachoitikia.

Tena kuna maji na chumvi. Ardhi yenye chumvi ikilowa inapitisha umeme, na mashine nyingine hulia kwa sababu hiyo. Mahali pamoja panaweza kuwa kimya wakati wa kiangazi na pakapiga kelele baada ya mvua.

Jambo hili si geni duniani. Tarehe 2 Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na risasi moja ikabaki mwilini. Alexander Graham Bell, yule wa simu, akatengeneza chombo cha kuitafuta. Kilikuwa kimefanya kazi vizuri katika majaribio. Lakini kwenye kitanda cha Rais kilitoa sauti zisizoeleweka. Baadaye Bell alikuja kujua kwamba chini ya mgonjwa kulikuwa na godoro lenye nyaya za chuma. Tena daktari mkuu aliamini risasi iko upande wa kulia, na huko ndiko walikotafuta, kumbe ilikuwa kushoto. Rais alikufa Septemba 19 mwaka huo. Chombo kilikuwa kizuri, lakini kilichokuwa chini ya mgonjwa kilikipotosha, na wakubwa waliambia chombo mahali pa kutafuta. Sisi tunalala juu ya godoro la namna hiyo. Udongo wetu ndio zile nyaya.

Jambo la pili: yaliyotokea upande wa Runyenjes

Juzi kikundi kimoja cha upande wa Runyenjes kilitembelewa na jamaa mwenye detekta. Alikuja amevaa vizuri, na anaongea vizuri. Akaiwasha uwanjani, ikalia. Akaenda kwenye kahawa, ikalia. Akasema, "Mmeona? Shamba lenu limejaa." Alitaka wamnunulie hiyo mashine, yeye awafundishe kazi.

Watu walifurahi. Kuna waliokwisha kuhesabu magari. Lakini dada mmoja, mweka hazina wa kikundi, akauliza, "Ndugu yangu, mbona inalia hata kwenye njia ya kwenda choo? Huko nako kuna dhahabu?" Watu wakacheka. Yule jamaa akakasirika kidogo. Ndipo wakaniita.

Tulikubaliana tufanye jaribio, na yeye akakubali. Tulichukua kipande kidogo cha risasi, kile kizito cha nyavu za samaki, kwa sababu mbele ya detekta risasi hujibu karibu kama dhahabu. Tukakishika hewani, mashine ikakisikia vizuri. Tukakizika katika lundo la mchanga wa kujengea uliotoka Tharaka, kina cha shubiri moja. Ikakisikia, kwa sauti ndogo lakini ya wazi.

Halafu tukakizika kwenye udongo mwekundu, kina kile kile cha shubiri. Mashine ililia pale, na ililia pia hatua moja kulia, na hatua moja kushoto. Haikuonyesha tofauti. Jamaa akageuza kifungo kupunguza ukali wake. Kelele za udongo zikanyamaza. Lakini na risasi nayo ikanyamaza! Tukafukua kidogo kidogo mpaka ilipobaki vidole vinne tu ndipo mashine ikalia.

Nataka mwelewe hapo. Yule jamaa hakuja na mashine bandia. Ilikuwa mashine kweli, na ilitupatia panga lililopotea kwenye majani tangu mwaka jana. Mwenye panga alishukuru sana. Shida ni kwamba kwenye udongo wetu alikuwa na njia mbili tu. Aiache kali ilie kila mahali, au aipunguze iwe kiziwi. Alipotaka kuuza, aliiacha kali. Mtu akija kwako na mashine inayolia kila mahali, ajue asijue, anakuuzia kelele za udongo.

Jambo la tatu: je, hakuna mashine nzuri zaidi?

Zipo. Nisiwadanganye. Kwa kifupi kuna aina mbili.

Aina ya kwanza inaimba mfululizo bila kupumua, na inasikiliza wakati ule ule inapoimba. Hizi ndizo nyingi na ndizo za bei nafuu. Zile zinazoimba kwa sauti ya juu sana zinasikia vipande vidogo vya dhahabu, lakini pia zinasumbuliwa zaidi na chuma cha udongo. Zina kazi ya kuzoesha mashine na ardhi: unainua na kushusha sahani mahali pasipo na metali, huku ukirekebisha mpaka sauti iwe moja juu na chini. Ukihama hatua thelathini udongo ukabadilika, unazoesha tena. Asiyejua kufanya hivyo anasikiliza udongo siku nzima. Nyingine zina kifungo cha kukataa chuma, ili usichimbe misumari. Kwenye udongo mwepesi kinasaidia. Kwenye udongo wenye chuma kingi, kipande kidogo cha dhahabu kinaweza kuhesabiwa kuwa chuma, na mashine ikakipita kimya.

Aina ya pili inapiga kofi moja, inanyamaza, halafu inasikiliza. Ikirudia hivyo mara nyingi kwa sekunde, kelele za udongo zinakuwa zimepungua sana wakati wa kusikiliza. Mwaka 1995 kampuni ya Minelab ya Australia ilitoa mashine iitwayo SD2000, iliyotumia makofi ya urefu tofauti ili kutenganisha sauti ya udongo na sauti ya metali. Kwa nini Australia? Kwa sababu nao wana udongo mwekundu wa chuma, na mashine za zamani ziliwashinda huko. Kwa hivyo hata wenye dhahabu nyingi walihangaika na udongo kabla ya kupata dawa.

Lakini dawa hiyo ina bei. Mashine nzuri za aina hii ni bei ya ng'ombe wa gredi kadhaa. Tena hazitofautishi vizuri msumari na dhahabu, kwa hivyo unachimba kila kinacholia. Na kwa sababu ni ghali, kuna za kughushi zenye jina lile lile na rangi ile ile. Kampuni yenyewe imekuwa ikiwaonya wateja juu ya hizo bandia, hata huku Afrika.

Hata iliyo bora haishindi kina. Kwa kipande kidogo, kina kikiongezeka mara mbili, sauti inayorudi inapungua mara sitini hivi. Si nusu, jamani, ni mara sitini! Na udongo wa juu hausogei mbali, uko pale pale chini ya sahani ukipiga kelele. Kwa hivyo mtu akikuambia mashine yake inaona dhahabu ya ukubwa wa punje ya mahindi mita tano chini, mshukuru kwa kukutembelea, umpe chai, aende.

Wengine wanakuja na kitu chenye antena mbili, ati kinaonyesha dhahabu iliyo kilomita moja. Huko Uingereza, mwaka 2013, mtu aitwaye James McCormick alifungwa miaka 10 kwa kuuza vyombo vya namna hiyo, akidai vinatambua mabomu. Vilitokana na kitu cha kuchezea kinachodaiwa kutafuta mipira ya gofu. Iraki ilivinunua kwa mamilioni ya dola, na askari wakavitumia vizuizini kukagua magari. Ikiwa serikali nzima ilidanganywa, kikundi chetu cha watu ishirini kisijione kijanja sana.

Jambo la nne: dhahabu yenyewe ikoje?

Detekta inasikia kipande. Haisikii vumbi. Dhahabu ya unga ikiwa imetawanyika katika mwamba, hata iwe nyingi, mashine inaweza kupita juu yake bila kusema neno. Na sehemu kubwa ya dhahabu ya Kenya hupatikana hivyo, ndani ya mishipa ya jiwe jeupe. Kakamega walikoikimbilia dhahabu kuanzia 1931, na Macalder kule Migori ambako mgodi ulifungwa 1966, walichimba mwamba, wakauponda, wakautenga. Wachimbaji wadogo wa Migori mpaka leo wanaponda na kuosha. Kazi hiyo ina hatari zake, hasa zebaki, ambayo moshi wake unaharibu mishipa ya fahamu na kudhuru mtoto aliye tumboni. Akina mama, mkisikia kijana anachoma zebaki jikoni, mtoeni nje yeye na sufuria yake.

Tena, sehemu zinazojulikana kwa dhahabu hapa Kenya ni miamba ya kale sana ya magharibi, na sehemu za kaskazini kama Turkana, Pokot Magharibi na Marsabit. Miteremko ya Mlima Kenya ni ya volkano, na haijulikani kwa dhahabu. Inajulikana kwa chai, kahawa na miraa. Sisemi Mungu hakuweka kitu chini, nasema mlio wa mashine si ushahidi.

Jambo la tano: vijana wanaotaka kwenda kaskazini

Najua baadhi yenu mawazo yako Marsabit. Mnamkumbuka yule aliyerudi na pikipiki. Mkumbukeni pia kwamba mwaka 2024 Serikali ilifunga machimbo ya Hillo, huko Dabel, baada ya watu kuuana, na Mei mwaka huo huo shimo liliporomoka hapo hapo na kuua watu wasiopungua watano waliokuwa wakichimba kwa siri.

Na kuna hatari nyingine ambayo detekta inaileta yenyewe. Ukitoka Isiolo kuelekea Marsabit unapita Archer's Post. Huko, na kule Dol Dol, majeshi yamefanya mazoezi kwa miaka mingi, na mabomu yasiyolipuka yalibaki ardhini. Wafugaji na watoto waliuawa na kukatwa viungo. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa walioumia karibu pauni milioni nne na nusu. Sasa fikirini. Bomu ni chuma kikubwa. Kwenye detekta linatoa sauti nzuri, nene, ya kumfurahisha mtu. Kijana aliyekaa wiki tatu akichimba vifuniko vya soda akisikia sauti hiyo atachimba kwa jembe, haraka haraka, kwa furaha. Mahali penye mazoezi ya kijeshi usichimbe kabisa. Ukiona chuma usichokijua, usikiguse, weka alama, rudi kwa njia uliyokuja nayo, mwambie chifu au polisi.

Kuna na sheria. Katiba ya 2010 inasema madini ni mali ya umma, yakishikiliwa na Serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Kuwa na hati ya shamba hakukupi dhahabu iliyo chini. Sheria ya Madini ya 2016 inamruhusu mwananchi kuwa mchimbaji mdogo, lakini kwa kibali. Ulizeni ofisi ya madini kabla ya kutoa shilingi.

Jambo la mwisho: jaribio la kikundi

Padre ananionyesha saa. Namalizia na kitu cha kubeba nyumbani. Mtu akileta mashine, fanyeni hivi kabla ya kuongea bei.

1. Pitisheni sumaku kwenye udongo mnaotaka kutafuta. Ikiota ndevu nyeusi, mjue kazi itakuwa ngumu.

2. Mwambieni azoeshe mashine na ardhi mbele yenu. Asiyejua kufanya hivyo hajui mashine yake.

3. Chimbeni mashimo kumi kwenye udongo huo huo, kina cha shubiri. Yeye akiwa ndani ya nyumba, wekeni risasi ndogo katika shimo moja, mfukie yote kumi sawasawa. Atafute. Rudieni mara tatu, kila mara shimo tofauti. Kubahatisha mara moja ni rahisi. Kubahatisha mara tatu mfululizo ni jambo la mara moja katika elfu.

4. Akisema betri imechoka, jua ni kali, au kuna simu mifukoni, msimwite mwongo. Simu na nyaya za stima kweli huweza kuisumbua mashine. Zimeni simu, mpeni chai, ajaribu tena jioni. Akikataa kabisa, mmepata jibu.

5. Mtu mmoja aandike matokeo kwenye kitabu cha kikundi. Msitegemee kumbukumbu ya mwenye furaha.

6. Mwenye kuweka sahihi, kama mimi, awepo siku ya jaribio.

Kama mnataka kujifunza kuhusu dhahabu kwa gharama ndogo, anzeni na karai na maji. Osheni mchanga wa mto mahali penye historia ya dhahabu. Karai halisumbuliwi na chuma, na linaonyesha hata vumbi ambalo detekta haisikii. Huenda msipate kitu. Lakini mtakuwa mmepoteza siku moja, na si akiba ya miaka miwili.

Mtaniuliza kile kikundi cha Runyenjes kilifanya nini. Walipiga kura. Wengi walikataa, na pesa zao zikaenda kwenye tangi la maji walilokuwa wamepanga. Vijana watatu walitoa mafungu yao wakasema watakwenda kaskazini hata hivyo. Ni watu wazima. Niliwaeleza yale yote niliyowaeleza ninyi leo, nikawapa namba yangu. Mmoja amenipigia mara moja, akasema bado yuko mzima. Tuwaombee.

Bwana wetu alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza chini akahesabu gharama. Safari ile mimi sikukaa chini. Nilisimama tu mlangoni mwa ofisi, nikatia sahihi. Ninyi kaeni chini, na msione haya kuuliza maswali kama ya yule dada mweka hazina.

Kama kuna kikundi kina mashine tayari, nileteeni Jumamosi ijayo tuijaribu pamoja. Risasi ya kuzika ninayo mimi. Mje na jembe.